Kirusi Kimoja, Majina Mengi: Homa ya Krimea-Kongo na Ukoo Wake

Kila Idi Kubwa inapokaribia, watu wa Nizwa, Sinaw na Ibra nchini Oman huelekea soko la mifugo, na onyo lilelile hurudi: jihadharini na homa inayotokana na kupe na damu ya wanyama. Onyo ni moja, lakini jina si moja. Tangazo la Kiarabu linasema homa ya al-Qirm na Kongo. Daktari hospitalini anasema CCHF, kifupi cha Kiingereza cha homa ya kuvuja damu ya Krimea-Kongo. Makala za kisayansi za miaka ya karibuni zinaandika Orthonairovirus haemorrhagiae. Mswahili wa Sur mwenye ndugu Mombasa au Bujumbura akisikia "homa ya Kongo", jambo la kwanza linalomjia ni Ebola. Tena kwa Kiarabu, Krimea na mtaa wa Qurm wa Maskati huandikwa kwa herufi zilezile, kwa hiyo anayesoma tangazo haraka ana haki ya kujiuliza kuna nini huko Qurm.

Majina yote hayo ni ya kirusi kimoja au ya maradhi yake. Mkanganyiko haukuletwa na ujinga wa wasomaji. Umeletwa na mabishano ya miaka mingi juu ya nani apewe haki ya kutoa jina, na jina hilo lifanye kazi gani.

Mnyama mzima, mtu mgonjwa

Bila kuujua ugonjwa wenyewe, mjadala wa jina hauna maana. Kirusi hiki huishi ndani ya kupe, hasa wa jenasi ya Hyalomma, wale wenye miguu yenye mabaka ya rangi mbili. Kupe humwambukiza mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia, na damu ya mnyama huwa na kirusi kwa muda wa takriban wiki moja. Siku zote hizo mnyama haonyeshi dalili. Anakula, anatembezwa kwenye duara la mnada wa Nizwa, na bei yake inapanda kama ya mwenzake asiye na kitu. Akichinjwa ndani ya siku hizo, hatari iko mikononi mwa anayemchinja, anayemchuna na anayemkatakata. Iko pia kwenye vidole vya yule anayembandua mnyama kupe na kuwaponda kwa kucha, kazi ambayo watu huifanya huku wakipiga soga.

Nyama ikishaiva haina tatizo. Shuwa, nyama iliyolala usiku kucha shimoni, haimwambukizi mtu. Hatari imeshapita kabla moto haujawashwa.

Kwa binadamu, homa huanza ghafla. Aliyeumwa na kupe kwa kawaida huugua baada ya siku 1 hadi 3. Aliyegusa damu, baada ya siku 5 au 6, na huweza kufika 13. Huja maumivu ya kichwa, misuli na mgongo, na kutapika. Kuvuja damu kwenye ufizi, puani au chini ya ngozi huja baadaye kwa wale wanaozidiwa. Hili la kuchelewa kwa damu nitalirudia, kwa sababu majina mengi yamejengwa juu yake.

Oman iligundua wagonjwa wake wa kwanza 4 mwaka 1995 na 1996, wote katika maeneo ya mashambani na bila uhusiano kati yao. Uchunguzi wa 1996 uliwapima watu wanaofanya kazi na wanyama: kati ya wageni 241, 73 walikuwa na kinga inayoonyesha kwamba waliwahi kuambukizwa, kati ya Waomani 41, ni mmoja tu. Wanyama walikuwa 489, na 108 kati yao walikuwa na kinga hiyo. Kisha ukimya, hadi 2011. Kufikia 2017 jumla ya wagonjwa waliorekodiwa tangu mwanzo ilikuwa 88, na 32 walikufa. Karibu robo ya wagonjwa wa 2011 hadi 2017 walijikusanya kuzunguka Idi Kubwa. Wagonjwa 73 kati ya 88 walikuwa wamegusana na wanyama au wamechinja. Aliyeambukizwa kwa kuumwa na kupe peke yake alikuwa mmoja tu.

Ukoo wa Bunyamwera na Nairobi

Wengi wanaposikia Krimea hudhani ugonjwa huu ni wa Warusi ulioingia kwetu. Ukoo wake unasema vingine. Mwaka 1943 watafiti wa taasisi ya homa ya manjano ya Entebbe walipata kirusi kipya kwa mbu wa magharibi ya Uganda, wakakiita Bunyamwera. Mwaka 1975 jina hilo la kijiji likageuzwa kuwa la familia nzima, Bunyaviridae, iliyokusanya mamia ya virusi vya mbu, kupe, panya na hata mimea.

Mapema zaidi, mwaka 1910, daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery alianza kuchunguza maradhi yaliyokuwa yakiwaua kondoo walioletwa Nairobi. Yakaitwa ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, na ikathibitika kwamba huenezwa na kupe. Kutokana na Nairobi likatoka jina la jenasi Nairovirus. Mwaka 2017 familia kubwa ya zamani ilivunjwa, na jenasi hiyo ikapandishwa cheo kuwa familia inayojitegemea, Nairoviridae. Kirusi cha Krimea-Kongo kimo humo. Kwa hiyo kisayansi, homa inayotangazwa Nizwa ni ya ukoo wenye jina la mji mkuu wa Kenya.

Ndugu zake wengine nao wanasomeka kama ramani. Dugbe ni soko la Ibadan, Nigeria. Hazara ni eneo la Pakistani. Ganjam ni wilaya ya India, na kirusi chake kilibainika baadaye kuwa ni kilekile cha kondoo wa Nairobi. Kasokero ni pango la Uganda ambalo popo wake walipochunguzwa mwaka 1977, wafanyakazi wa maabara wenyewe waliugua. Zirqa ni kisiwa cha Abu Dhabi. Kwa miongo mingi desturi ilikuwa hiyo: mtafiti akipata kirusi, hukiita kwa jina la mahali alipokikuta. Ilikuwa rahisi, na haikumuudhi mwenzake wa maabara.

Krimea ndiyo ya mbele, au Kongo?

Mwaka 1944, askari wa Kisovieti waliopelekwa kusaidia mavuno Krimea waliugua kwa wingi, takriban 200. Mikhail Chumakov aliongoza uchunguzi, na homa ikapewa jina la rasi hiyo. Lakini kirusi chenyewe hakikukuzwa maabara kwa njia ya kuaminika hadi 1967.

Kabla ya hapo, mbali na Krimea, mwaka 1956 daktari wa maabara ya Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, aitwaye Courtois, alikipata kirusi katika damu ya mtoto mwenye homa. Yeye mwenyewe akaambukizwa, na damu yake ikatoa kirusi kilekile. Sampuli zikafika Entebbe, na mwaka 1967 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki likachapisha habari za kirusi cha Kongo. Mwaka 1969 Jordi Casals wa Chuo Kikuu cha Yale akaonyesha kwamba vya Krimea na vya Kongo havitofautiani.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Kwa kanuni ya kutangulia kuchapisha, Kongo ingekaa mbele. Wapo wanavirolojia waliosisitiza hadi uzeeni kwamba mpangilio wa Krimea kwanza ulitokana na shinikizo la Wasovieti enzi za vita baridi. Madai yao yana uzito, ingawa upande wa pili nao una hoja: ugonjwa ulielezwa Krimea miaka 12 kabla ya mtoto wa Stanleyville. Waliotazama maradhi waliona Krimea. Waliotazama kirusi waliona Kongo. Jina lenye kistari katikati lilikuwa suluhu ya pande mbili za wanasayansi zenye haki tofauti, na ndiyo maana tangu mwanzo halikumwambia mchunaji wa mbuzi chochote.

Hoja ya wanaopanga kwa jenomu

Upande wa kwanza katika mjadala wa leo ni wa Kamati ya Kimataifa ya Taksonomia ya Virusi, ICTV. Wao hawauangalii mji wala dalili. Husoma jenomu, yaani urithi wote wa kirusi. Virusi vya familia hii vina RNA katika vipande vitatu: kidogo, cha kati na kikubwa. Protini inayoandikwa na kipande kikubwa, L, ndiyo kipimo. Virusi viwili vikifanana chini ya asilimia 93 katika protini hiyo, vinahesabiwa spishi mbili. Na tangu uamuzi wa 2021, kila spishi inapewa jina la maneno mawili, kama mimea na wanyama. Ndipo ikaja Orthonairovirus haemorrhagiae, na kwa kirusi cha kondoo, Orthonairovirus nairobiense.

Nguvu ya njia hii ni kubwa. Inaweka pamoja vilivyo ndugu kweli, na undugu huo unafundisha: Hazara haijulikani kumuugulisha mtu, kwa hiyo watafiti huitumia katika maabara za kawaida kujifunza tabia za ndugu yake muuaji. Mfano mzuri zaidi ni wa Ugiriki. Mwaka 1975 kupe wa mbuzi wa kijiji cha Vergina walitoa kirusi kilichoitwa AP92, kikahesabiwa aina ya Krimea-Kongo ingawa watu wa huko hawakuwa wakiugua kama kwingine. Mwaka 2022 watafiti walipendekeza kitengwe na kiitwe Aigai, kwa jina la mji wa kale wa mahali hapo. Utengano huo una faida ya wazi: nchi yenye Aigai peke yake isihesabiwe kuwa na hatari ileile ya nchi kama Oman.

Lakini njia hii ina udhaifu ambao watetezi wake huupita haraka. Wa kwanza ni kutotulia. Daktari aliyehitimu 2015 alifundishwa familia ya Bunyaviridae. Mwaka 2017 ikawa oda yenye familia kadhaa. Mwaka 2024 oda hiyo nayo ikapandishwa kuwa ngeli, Bunyaviricetes, na Nairoviridae ikawekwa chini ya oda mpya ya Hareavirales. Kila badiliko lina sababu nzuri, na kila badiliko linamwacha nyuma mtu asiyeshinda maktabani.

Wa pili ni mzito zaidi. Vipande vitatu vya RNA vinaweza kuchanganyika virusi viwili vikikutana ndani ya kupe mmoja, kiasi kwamba kipande kimoja kina asili ya Asia na kingine ya Afrika. Kirusi kikipewa ukoo kwa kipande kimoja, vipande vingine vinaweza kusema jambo tofauti. Kwa Oman hili si la nadharia. Sampuli za wagonjwa 11 wa 2013 na 2014 zilisomwa kipande kidogo, zote zikaangukia kundi la Asia 1, na ikahitimishwa kwamba aina moja imekuwepo nchini kwa miaka isiyopungua 20. Ni hitimisho la busara kwa ushahidi uliokuwepo. Hata hivyo Oman huagiza mifugo kutoka pande mbili za bahari, Somalia ikiwemo. Nchi ya namna hiyo inahitaji vipande vyote vitatu visomwe kabla haijasema kwa uhakika kwamba Afrika haimo.

Hoja ya wanaotaka majina ya mahali yafutwe

Upande wa pili unaanzia kwenye heshima ya watu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo kwamba ugonjwa mpya usiitwe kwa jina la mahali, mtu, mnyama, kabila wala kazi. Miongoni mwa mifano iliyosukuma mwongozo huo ilikuwa MERS, ugonjwa wa upumuaji wa Mashariki ya Kati. Oman inaukumbuka vizuri: ngamia wote 50 wa Oman waliopimwa katika utafiti uliochapishwa 2013 walikuwa na kinga yake, na mgonjwa wa kwanza wa nchi aliripotiwa kutoka mkoa wa Dakhiliyah mwaka huohuo. Ulimwengu ukaandika Mashariki ya Kati juu ya mlango wa eneo zima.

Kwa Waswahili wa Sharqiyah, eneo la Ibra na Sur, jina la Kongo lina uchungu wa pekee. Koo za Ibra na vijiji vyake zilivuka kwenda Zanzibar, Ujiji na hadi maporomoko ya Kisangani, ambako mfanyabiashara Tippu Tip aliteuliwa gavana mwaka 1887. Wapo waliorudi Oman baada ya 1970 wakiwa wamezaliwa Kongo, Rwanda au Burundi. Kwao Kongo ni kwa bibi na babu. Kuliona jina hilo kila mwaka pamoja na neno la kuvuja damu, hali wengi wa wagonjwa wa Oman wameambukizwa na wanyama humohumo Oman, na kirusi kilichosomwa kwao ni cha kundi la Asia, si haki. Nalisema hili bila kupunguza: jina hili linaielekeza hofu mahali ambapo hatari haipo.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba haujapima vizuri ni majina gani hasa yanadhuru. Nairobi ina familia nzima ya virusi yenye jina lake na hakuna aliyeikimbia kwa sababu hiyo. Ibadan haijapoteza biashara kwa ajili ya Dugbe. Jina la mahali lililofungiwa ndani ya Kilatini halimuumizi mtu. Linaloumiza ni lile linalotamkwa redioni pamoja na idadi ya waliokufa. Kwa hiyo anayetaka kufuta kila jina la mahali katika vitabu vya taksonomia anapigana mahali pasipo na vita, na ICTV wenyewe wameyaacha mengi yakae.

Hoja ya wanaotaka jina libaki

Upande wa tatu ni wa madaktari na watu wa maabara, na mara nyingi huonekana wavivu wa mabadiliko. Hawastahili lawama hiyo. Kumbukumbu za zaidi ya nusu karne zimeandikwa Krimea-Kongo. Fomu za kuripoti, vifaa vya kupimia na miongozo ya kumtenga mgonjwa vyote vinatumia jina hilo. Daktari wa zamu akipokea usiku mchunaji mwenye homa na chembe za kugandisha damu zilizoshuka, anahitaji jina moja ambalo maabara ya Maskati italielewa bila kuuliza.

Wanachokosea ni kudhani kwamba mabadiliko hayawezekani kwa utaratibu. Novemba 2022 WHO ilibadilisha jina la ndui ya nyani kuwa mpox, na ikaruhusu majina mawili yaende sambamba kwa mwaka mmoja. Kazi haikusimama.

Jina la sokoni

Tukishaona kwamba jina la spishi ni la wanataksonomia, na jina la kirusi ni la maabara na hospitali, linabaki jina la tatu, la ugonjwa kama unavyotajwa na watu. Hapa ndipo maisha yanapookolewa au kupotea, na hapa ndipo uzembe ulipo mkubwa.

"Homa ya kupe" ni fupi na Mswahili anaielewa. Lakini takwimu za Oman zinaikataa: mtu asiyeona kupe mwilini mwake atajiona salama, na kumbe wengi waliougua walipitia damu na wanyama. Wafugaji wa Afrika Mashariki nao wana maradhi mengine ya ng'ombe wanayoyahusisha na kupe, kwa hiyo jina litazama katika mengine. "Homa ya mifugo" ina kasoro mbaya zaidi, kwa sababu inamfanya mnunuzi atafute mbuzi mgonjwa, na mbuzi huyo hayupo. "Homa ya machinjioni" inawabebesha lawama wachinjaji, ambao Oman wengi wao ni wageni wa kipato cha chini, wale wale walioonekana kuambukizwa zaidi mwaka 1996. Tena inawatoa nje ya hatari baba na wanawe wanaochinja uani asubuhi ya Idi, na hao ndio hasa tunaotaka wasikie. Jina la Idi lenyewe lisifikiriwe kabisa; ibada haina kosa.

Na "homa ya kuvuja damu", ambayo hata Kilatini cha ICTV kimeifuata, inamfundisha mgonjwa kungoja. Mtu ana homa na mgongo unamuuma siku ya nne baada ya Idi, hajaona damu, anajiambia ni uchovu wa sikukuu. Damu ikionekana, siku za thamani zimekwisha, na waliomuuguza bila glavu wameshamgusa.

Wataalamu waliokifanyia kazi kirusi kimoja cha Nairobi walionyesha njia nyingine. Walipowachunguza kupe waliokusanywa kwenye ngozi za mifugo machinjioni Nairobi mwaka 1999, walipata ndugu mpya wa Dugbe, na walipomtangaza mwaka 2009 walimwita Kupe, kwa Kiswahili. Hakuna mji uliotajwa, na anayelisikia anajua mara moja atazame wapi.

Kwa Kiswahili cha Oman ningechagua "homa ya kupe na damu", na kwa Kiarabu jina la muundo huohuo. Halimtaji mtu wala nchi, na linataja njia zote mbili. Kasoro yake ninaiona: msikilizaji anaweza kudhani damu ni yake mwenyewe. Kasoro hiyo inarekebishwa na sentensi moja ya kufuatia kila mara, kwamba ni damu ya mnyama, hata mnyama mzima wa afya. Kasoro ya Kongo haina sentensi ya kuirekebisha.

Hospitali ziendelee na CCHF hadi WHO itakapoamua vingine. Tangazo la umma liweke jina la watu juu, kwa herufi kubwa, na jina la hospitali chini yake kwa herufi ndogo, ili anayefika zahanati ya Ibra au Sur akisema "homa ya kupe na damu" akute daktari anayejua aandike nini kwenye fomu. Majina hayo mawili yafundishwe pamoja kwa wauguzi, wakaguzi wa machinjio za manispaa na madalali wa mifugo, wiki kadhaa kabla ya Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi Kubwa, wakati mbuzi bado wako kwa wafugaji na kupe bado wanaweza kuogeshwa dawa.

Maabara nazo zina deni lao. Sampuli za wagonjwa wajao, pamoja na za kupe wa ngamia wa Sharqiyah na wa mbuzi walioshushwa kutoka ng'ambo, zisomwe vipande vyote vitatu. Ikionekana kwamba vyote ni vya Asia, basi Kongo itakuwa imeondolewa hata katika hoja ya mwisho iliyobaki. Ikionekana kuna mchanganyiko, Oman itajua ni bandari gani iongezewe siku za karantini, na ni kupe gani wa kuanza kupambana naye.